Shule na Mji Wake

Shule ya sekondari katika mji mdogo ni mali ya watu wengi. Katika nyanda za juu za Kibondo na Kasulu, kama kwingineko nchini Tanzania, shule za kata ziliongezeka kuanzia mwaka 2004, ulipoanzishwa Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari. Serikali ilitoa sehemu yake; wananchi wakatoa michango na jasho. Walisomba mawe, wakachota maji, wakafyatua matofali. Miongoni mwao walikuwamo wazee ambao hawakupata kuketi katika darasa la sekondari hata siku moja.

Walakini shule hiyo ikifanikiwa, mtoto hodari huondoka. Akishinda mtihani wa kidato cha nne huitwa mbali, na aghalabu harudi ila kwa harusi au msiba. Hapo huzuka swali gumu: je, shule ni ya mtoto au ni ya mji?

Buha ina kumbukumbu chungu ya kuondokewa. Zama za utawala wa Waingereza nchi hii ilifanywa ghala la vibarua. Vijana waliandikishwa, wakasafirishwa kwa gari la moshi kwenda mashamba ya mkonge ya mashariki. Waliitwa manamba, kwa kuwa kila mmoja alihesabiwa kwa namba yake. Mwenye huzuni aweza kusema kuwa shule imekuwa gari la moshi la pili: la kwanza lilichukua nguvu za mikono, la pili huchukua akili, na mwanafunzi naye ana namba yake ya mtihani.

Mfano huu una ukweli, lakini haukukamilika. Manamba alisukumwa na kodi; mwanafunzi huvutwa na tumaini. Kumzuia ni kumfanya jembe la babaye. Jasho la mzazi ni zawadi, na zawadi inayodai riba huacha kuwa zawadi.

Hata hivyo mji una haki. Julius Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alionya juu ya elimu inayoandaa wachache na kuwatenga na jamii yao. Kosa la shule si kuwafungulia wachache mlango. Ni kuwafundisha wengi kwamba aliyebaki ameshindwa. Mmoja atalima maharage, wa pili atafuga nyuki, wa tatu atafungua duka, wa nne ataketi katika bodi ya shule ile ile. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilipofutwa mwaka 2016, watoto wa maskini walifunguliwa njia, na wajibu wa shule kwa watakaobaki ukazidi uzito.

Basi haki ya shule na ipimwe kwa aliyebaki. Je, aweza kusoma mkataba kabla ya kutia sahihi? Aweza kukagua hesabu za chama cha ushirika? Aweza kusimama mkutanoni na kumwuliza kiongozi swali bila hofu wala matusi? Akiweza, mji umelipwa, ingawa mwenziwe hakurudi. Asipoweza, mji umedhulumiwa, ingawa shule inasifiwa kwa ushindi wa wachache.

Na aliyeondoka hana deni la kudaiwa barazani. Analo moja tu, na mdai wake ni dhamiri: asiwadharau waliosomba mawe.