Bakuli Jeusi na Taa ya Umeme

Ukilitwaa bakuli la mti lililopakwa urushi, yaani utomvu ambao mafundi wa Kijapani huupaka tabaka juu ya tabaka na kuuacha ugande, tena si juani bali mahali penye unyevu, kisha ukaliweka chini ya taa ya umeme, utaona kitu cheusi kinachometameta kwa kuudhi, na dhahabu iliyonyunyizwa juu yake utaidhani pambo la mtu asiye na haya. Lakini bakuli lilo hilo, likiangazwa kwa mshumaa mmoja katika chumba chenye kiza, weusi wake hupata kina mithili ya kisima, na ile dhahabu huchomoza punje moja moja, ikitikisika kila ulimi wa moto utikisikapo. Lipi basi ndilo bakuli la hakika?

Tanizaki Junichiro, mzaliwa wa Tokyo aliyehamia pande za Kyoto na Osaka baada ya zilzala kuu ya 1923, alilishughulikia swali hili katika insha yake ya kusifu vivuli, iliyotoka miaka ya 1933 na 1934. Asimulia kwamba mkahawa mmoja wa Kyoto uliosifika kwa mishumaa ulikuwa umekwisha kutia umeme, kwa kuwa wateja walilalamikia kiza, na kwamba alipoomba aletewe mshumaa ndipo alipofahamu kuwa mafundi wa kale hawakuizidisha dhahabu, bali waliipima kwa hesabu ya giza. Kwa rai yangu, hayo ni mazito kuliko kilio cha mwenye kutamani ya zamani: uzuri haukai ndani ya kitu peke yake, hukaa baina ya kitu na nuru inayokiangukia, na abadiliye taa amekwisha kulibadili bakuli hata asipoligusa. Ila hoja hii ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Kwani ikiwa ni kweli, taa ya umeme nayo yastahiki mabakuli yake, na lawama ni ya fundi ambaye bado hajayatengeneza.

Tanizaki mwenyewe hakujisingizia kuwa angeweza kuishi kizani. Alipojenga nyumba alihangaika kuzificha nyaya, na katika milango akatia karatasi upande wa ndani na kioo upande wa nje, kwa fremu maradufu na gharama ya kuzidi, ili apate upole wa karatasi na manufaa ya kioo. Akavikosa vyote viwili, maana kwa nje ilikuwa milango ya kioo tu kama ya mtu yeyote, na kwa ndani karatasi iliharibiwa ulaini wake na kioo kilichoizibia nyuma. Mkewe alisimulia kwamba baadaye, msanifu wa majengo alipomhakikishia kuwa ameisoma insha ile na kwa hiyo aijua barabara nyumba anayoitaka, Tanizaki alimjibu kwamba yeye katika nyumba kama hiyo hawezi kukaa kabisa.