Haki au Masimango?



Wazee wetu walimwona bahili kuwa mtu mbaya, lakini walimwona mbaya zaidi yule atoaye kisha akasimanga. Bahili humwacha masikini na njaa yake, lakini humwachia na heshima yake. Msimangaji humwondolea njaa ya siku moja, akaichukua heshima ya umri mzima. Katika hayo hatuna khitilafu, kwani kila mmoja wetu amepata kuona, au amepata kuonja.

Mas-ala tunayotaka kuyatazama leo ni haya: ikiwa mtoaji si mtu bali ni serikali, na kitolewacho ni mali ya kodi, je, masimango yaweza kuingia humo? Na yule apokeaye kutoka katika hazina ya umma, apokea haki yake au apokea fadhila ya watu? Tumechagua kuitazama Marekani, kwa sababu ni nchi ya utajiri mwingi, imetoa kwa njia zote mbili, ya haki na ya masimango, kwa muda wa miaka tisini hivi, na matokeo yake yameandikwa, kila mtu aweza kuyasoma.

Wamarekani walirithi kwa Waingereza sheria ya masikini ya mwaka wa 1601, ambayo iliamuru kila mtaa ulishe masikini wake. Sheria ile iliwagawa masikini mafungu mawili: asiyejiweza, kama mzee na kipofu na yatima, huyu husaidiwa, na mzima wa mwili, huyu hutiliwa shaka. Mgawanyo huu walivuka nao bahari, nao haujawatoka hata leo.

Mwaka wa 1929 uchumi wao ulianguka, na ilipofika 1933 karibu robo ya wafanya kazi wote hawakuwa na kazi. Hapo watu waliona kwa macho yao kwamba umasikini si lazima uwe matunda ya uvivu, maana waliokosa chakula jana walikuwa mafundi na makarani na wenye maduka. Tarehe 14 Agosti 1935 Rais Franklin D. Roosevelt alitia sahihi Sheria ya Hifadhi ya Jamii. Sheria hii ni moja, lakini ndani yake mlikuwa na milango miwili, na ni juu ya milango hii miwili tunayotaka msomaji atuwekee akili yake.

Mlango wa kwanza tuuite mlango wa barazani. Huu ni wa bima ya uzeeni. Mfanya kazi hukatwa sehemu ndogo ya mshahara wake, na mwajiri wake hutoa mfano wa hiyo, na mtu akizeeka hupelekewa malipo kila mwezi. Haulizwi ana akiba kiasi gani, wala analala na nani, wala kwa nini hakujiwekea. Wa kwanza kupata malipo hayo ya kila mwezi alikuwa mwanamke wa Vermont, Ida May Fuller, aliyekuwa karani wa mawakili. Hundi yake ya tarehe 31 Januari 1940 ilikuwa ya dola 22 na senti 54.

Mlango wa pili tuuite mlango wa uani. Huu ulikuwa wa msaada wa watoto wasio na mtu wa kuwalisha, ambao hupewa mama zao. Fedha zilitoka katika kodi, na kila jimbo lilipewa ruhusa ya kuweka masharti yake. Apitaye hapa yampasa athibitishe kwanza kwamba hana kitu, kisha athibitishe kwamba yeye ni mtu mwema.

Watu wakiulizwa kwa nini milango hii haifanani, husema: Yule wa kwanza alilipa, basi achukua chake, huyu wa pili hakulipa, basi achukua chetu. Maneno haya yaonekana kuwa na haki ndani yake, lakini hebu tuyapige hesabu. Bibi Fuller alikatwa katika mishahara yake jumla ya dola 24 na senti 75. Aliishi hata akafikia umri wa miaka mia, akafariki mwaka wa 1975, naye alikuwa amekwisha kupokea dola 22,888 na senti 92. Basi hundi yake ya pili haikuisha ila alikuwa amekwisha kurudishiwa alichotoa na zaidi, na yote yaliyofuata yalikuwa jasho la wengine. Je, kuna aliyemsimanga? Hapana, wala hakustahili kusimangwa. Alikuwa mzee, na nchi ilimtunza mzee wake. Twataka kusema tu kwamba kulipa peke yake siko kulikomlindia heshima yake. Kilichomlinda ni kwamba nchi ilimhesabu kuwa ni mtu wake.

Tena tutazame ni nani waliokosa kuingia kwa mlango wa barazani. Sheria ya 1935 iliwaacha nje vibarua wa mashamba na watumishi wa majumbani. Katika majimbo ya Kusini, watu weusi wengi kazi zao zilikuwa ni hizo hizo. Walifanya kazi tangu alfajiri hata usiku, na hawakupewa njia ya kulipa. Kisha wakaambiwa hawakulipa. Sheria haikuanza kuwaingiza ila katika miaka ya 1950 na 1954. Mwenye kumfungia mtu mlango, kisha akamlaumu kwa kutoingia, huyo amemdhulumu mara mbili.

Na huko uani mambo yalikuwaje? Jimbo la Alabama, mwaka wa 1964, liliweka kanuni kwamba mama akiwa na mwanamume amjiaye, mwanamume huyo ahesabiwe kuwa ndiye baba wa watoto, hata ikiwa hakuwazaa wala hawapi senti moja, na msaada wa watoto ukatwe. Alikuwako mjane mmoja huko, mama wa watoto wanne, aliyekuwa akiingia kazini saa tisa na nusu za usiku, akipika na kuandalia watu mezani hata saa sita za mchana, kwa dola kati ya 16 na 20 kwa juma. Watoto wake wakanyimwa kwa sababu ya mwanamume mwenye mke wake na watoto wake tisa. Kwa kanuni hiyo na nyingine kama hiyo maofisa walikwenda kugonga nyumba za watu usiku wa manane, wakatafuta viatu vya kiume chini ya vitanda. Katika muda usiotimia miaka mitatu watoto wapata 16,000 walipungua katika daftari la jimbo lile. Mjane huyo alishtaki, na mwezi wa Juni 1968 Mahkama Kuu ya Marekani, majaji wote kwa neno moja, ikaibatilisha kanuni.

Hatusemi kwamba mwenendo wa mtu si kitu. Sisi si watu wa kusema hivyo. Twasema kwamba mtoto wa miaka tisa hakosi chakula kwa ajili ya mgeni wa mama yake, na kwamba mwenye kutaka kuwarekebisha watu asifanye njaa ya watoto kuwa bakora yake.

Wako wasemao: Mtu mzima akizoea kupewa husahau kutafuta, na mlipa kodi ana haki ya kuuliza mali yake yaenda wapi. Maneno haya yana ukweli, wala si insafu kuyatupa. Ndiyo fikra iliyoshinda tarehe 22 Agosti 1996, Rais Bill Clinton alipotia sahihi sheria iliyouondoa msaada wa zamani na kuweka mwingine, wenye sharti la kazi na mpaka wa miaka mitano katika umri wa mtu kwa fedha za Serikali Kuu. Ni kweli kwamba miaka iliyofuata akina mama wengi waliokuwa peke yao waliingia kazini, na uchumi ulikuwa umestawi. Lakini mwaka wa 1996, katika kila jamaa masikini 100 wenye watoto, 68 walikuwa wakipata msaada huu wa fedha. Mwaka wa 2020 walikuwa 21 tu. Majimbo yalipewa fungu lisilobadilika, na uhuru wa kulitumia katika mambo mengine, basi mengi yakaona ni faida kuwapunguza waombaji. Aliyepata kazi amenufaika, na hilo ni jema. Aliyekosa kazi na akakosa msaada ameachwa na nini?

Na shaka nayo ina gharama yake. Mwaka wa 2011 jimbo la Florida liliamuru kila aombaye msaada apimwe mwili wake, kutazamwa kama anatumia madawa ya kulevya. Katika waombaji elfu nne na ushei, walioonekana nayo walikuwa 108. Jimbo likawarudishia wale wengine gharama za kupimwa, na fedha hizo zikashinda zile lilizookoa. Mahkama ikaisimamisha kanuni mwaka ule ule. Tena msomaji azingatie: Mmarekani anunuaye nyumba kwa mkopo huweza kupunguziwa kodi kwa ajili ya riba aliyolipa, na aghalabu wafaidikao na nafuu hiyo ni wenye nyumba kubwa. Hiyo nayo ni mali ya umma iliyoachiwa mtu, lakini hatujasikia afisa aliyekwenda kugonga mlango wake usiku, wala aliyemwambia ajaze chupa kwanza.

Mwaka wa 2021 walijaribu njia nyingine. Tangu Julai hata Disemba, jamaa wa kimasikini na wa kadiri walipelekewa kwa njia moja dola 300 kwa mwezi kwa mtoto aliye chini ya miaka sita, na dola 250 kwa aliyezidi hapo. Hapakuwa na milango miwili. Mwaka ule, kwa msaada huo na mingineyo, watoto masikini kwa kipimo kipana cha serikali walishuka hata 5.2 katika mia. Msaada ukaachwa kwisha, na mwaka wa 2022 wakapanda hata 12.4. Mwenye kusema kwamba umasikini wa watoto hauna dawa, na aitazame miaka hiyo miwili.

Basi jawabu yetu ni hii. Msaada wa umma waweza kuwa haki na waweza kuwa masimango, na fedha zikawa ni zile zile. Kwetu sisi, tuliofunzwa tangu utotoni kwamba katika mali ya tajiri mna haki ya masikini, neno hili si geni. Alama zake ni tatu. Kwanza, mtu aulizwe haja yake, asiulizwe aibu yake. Pili, sharti lisiwe zito kuliko msaada wenyewe, hata mwenye haja akaona heri alale na njaa. Tatu, anyimwaye awe na mahali pa kudai, kama ilivyoamua Mahkama Kuu yao mwaka wa 1970, kwamba mtu asikatiwe msaada wake kabla ya kusikilizwa.

Mtoaji naye ana lake la kuhofia. Mwenye kumzoea masikini wake kwa shaka huishia kumwona kila mwenye haja kuwa ni mwizi, na moyo wa namna hiyo haukai katika ofisi peke yake. Hurudi na mwenyewe nyumbani. Basi kila mmoja wetu na ajiulize, siku agongewapo mlango wake: je, nyumba yangu ina milango mingapi?