Je, Yafaa Mwenye Upanga Kuwa Ndiye Kadhi?

Ndugu yetu mmoja katika wanaohudhuria darasa yetu alituuliza majuzi swali ambalo tumeona haifai jawabu yake ibaki baina yetu na yeye. Alisema: "Sheikh, nasikia Bunge la Uganda limepitisha sheria ya kuwapeleka raia mbele ya mahakama ya kijeshi. Mimi naona ni sawa. Mtu aliyeshika bunduki amejifanya askari, basi na ahukumiwe na askari. Pana ubaya gani?" Wengi waliokuwapo walimuunga mkono, nasi tukatambua kuwa rai hii ina wafuasi. Kwa hivyo twapenda kuipima hapa kwa utaratibu, bila ya hasira.

Kwanza natulieleze jambo lenyewe, kwani hapana wa kuhukumu asilolijua. Katika mwaka 2016 Bwana Michael Kabaziguruka, ambaye wakati ule alikuwa mbunge wa Nakawa katika mji wa Kampala, alishitakiwa mbele ya mahakama kuu ya kijeshi kwa tuhuma ya kutaka kuipindua serikali. Yeye si askari. Akaenda kwenye mahakama ya katiba kudai kuwa raia hana kesi mbele ya askari. Mwaka 2021 mahakama ile ikampa haki, serikali ikakata rufani, na tarehe 31 Januari 2025 Mahakama ya Juu ya Uganda ikakata shauri kuwa raia wasihukumiwe katika mahakama za kijeshi, na kesi zao zihamishiwe mahakama za kawaida. Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 yampa kila mshitakiwa haki ya kusikilizwa na mahakama iliyo huru, isiyopendelea, na imeitia haki hiyo katika zile chache ambazo haziondoshwi kwa hali yoyote.

Haikupita miezi minne, Bunge likaletewa mswada wa kuigeuza sheria ya jeshi. Tarehe 20 Mei 2025 ukapita, na wabunge wa upinzani wakatoka nje kwa kuukataa. Mwezi wa Juni Rais akautia sahihi. Sheria hiyo yairudishia mahakama ya kijeshi mamlaka juu ya raia katika zile zinazoitwa hali za pekee, kama vile mtu kukutwa na silaha zilizo za jeshi, au kushirikiana na askari katika makosa makubwa. Wenye kuitetea husema kuwa sasa mwenye kiti wa mahakama ile atakuwa mtu aliyesoma sheria, na kuwa nchi haiwezi kumngojea mwenye bunduki kama imngojeavyo mwizi wa kuku.

Sisi hatusemi kuwa jeshi lisiwe na sheria yake. Jeshi haliendeshwi kama baraza la kunywea kahawa. Mlinzi akilala zamuni, wenziwe huchinjwa. Askari akikataa amri mbele ya adui, hapana wakati wa kumjadili. Yeye mwenyewe alikula kiapo, na alijua anachokiapia. Hata Katiba yetu ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 24, yakubali kuwa baadhi ya haki za mwanajeshi zaweza kupunguzwa kwa sheria, kama haki ya kujiunga na vyama na ya kuandamana. Lakini kifungu kinachofuata, cha 25, chasema kuwa haki ya kuhukumiwa kwa uadilifu haipunguzwi kabisa, wala hakikumtoa mwenye sare. Basi askari naye, licha ya raia, ana haki ya kupata hakimu wa kweli.

Hebu msomaji na atazame jambo moja ambalo wengi wetu hatulijui. Kifungu cha 169 cha Katiba hiyo hiyo kimezitaja mahakama zilizo chini ya Mahakama Kuu, na humo mahakama ya kadhi na mahakama ya kijeshi zimeandikwa zikifuatana, moja chini ya nyingine. Zote mbili ni mahakama za watu makhsusi kwa mambo makhsusi. Kadhi amewekewa mipaka: ahukumu mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi, na pande zote mbili ziwe ni za Waislamu walioridhia kuhukumiwa naye. Lau kesho kadhi wa Mombasa angemwita jirani yetu asiyekuwa Mwislamu kwa nguvu na kumwambia, "Wewe waishi mtaani mwetu na wala chakula chetu, basi njoo nikuhukumu," sisi wenyewe tungekuwa wa mwanzo kusema kuwa amepita mpaka. Ikiwa kadhi, pamoja na elimu yake, hana ruhusa ya kumvuta asiyekuwa wake, mkuu wa jeshi ataipata wapi ruhusa hiyo?

Sasa tuje kwenye kiini cha swali. Ni kwa nini askari asimhukumu raia, hata akiwa mwema na msomi? Sababu ni kuwa sifa ya askari ni kutii, na sifa ya kadhi ni kutomtii mtu yeyote katika haki. Sifa mbili hizi kila moja ni njema mahali pake, lakini hazikai pamoja katika kiti kimoja. Aliye na mkubwa wake, ambaye ndiye ampandishaye cheo na amshushaye, atakapoletewa mtu ambaye mkubwa yule amemshitaki, ataiogopa amri kabla hajaisikia. Na kumsomesha sheria hakumwondolei khofu hiyo. Kiti kile bado kimo ndani ya jeshi.

Wanavyuoni wa madhehebu yetu ya Shafi wamesema kuwa kadhi hapitishi hukumu ya kujipa haki nafsi yake, wala mzazi wake, wala mwanawe. Hawakusema hivyo kwa kuwa kila kadhi ni mwongo. Wamesema kwa kuwa pana tuhuma, na hukumu yenye tuhuma haiwatulizi watu hata ikiwa ni sawa. Basi mtu anaposhitakiwa kuwa amelifanyia jeshi njama, jeshi ndilo mdai. Vipi mdai atakuwa ndiye mwamuzi?

Watasema: hii ni dharura. Nasi twaijua kanuni ya dharura, kwani ni katika kanuni za mwanzo anazosomeshwa mwanafunzi wa fikihi: dharura huhalalisha yaliyokatazwa. Lakini mwenye kuishika kanuni hiyo na aishike pamoja na nduguye, nayo ni kuwa dharura hukadiriwa kwa kadiri yake. Mwenye njaa ya kufa ameruhusiwa kula mzoga. Hakuruhusiwa kufungua bucha ya mizoga. Mahakama za kawaida za Uganda zi wazi na majaji wake wanakaa kila siku. Ikiwa kesi zakawia, na waongezwe majaji. Na kubwa kuliko hilo: ni nani atakayesema kuwa hii ndiyo hali ya pekee? Ikiwa mshitaki ndiye wa kusema, basi kila hali itakuwa ya pekee siku aitakapo.

Na tukumbuke kisa cha Khalid bin Walid, radhi za Mwenyezi Mungu ziwe juu yake, na watu wa Banu Jadhima katika mwaka wa 8 wa Hijra. Jeshi lake liliwaua watu wasiostahili kuuawa. Mtume, rehema na amani zimshukie, hakusema kuwa hayo ni mambo ya askari wenyewe kwa wenyewe. Alijitenga na kitendo kile mbele ya Mola wake, akampeleka Sayyidna Ali na mali kwenda kulipa dia. Tazameni basi: zamani zile upanga ulikuwa ukihisabiwa na haki, na leo twaambiwa haki ihisabiwe na upanga.

Asiseme mtu kuwa hayo ni ya Uganda na hayatuhusu. Novemba 16, mwaka 2024, Daktari Kizza Besigye alichukuliwa Nairobi, katika nchi yetu, na baada ya siku nne akaonekana mbele ya mahakama ya kijeshi ya Makindye, huko Kampala. Baada ya ile hukumu ya Januari ndipo kesi yake ilipohamishiwa mahakama ya raia. Ana kosa au hana, si kazi yetu kusema. Hiyo ni kazi ya hakimu aliye huru.

Wala tusiende mbali. Wako mama katika miji yetu hii ya pwani ambao watoto wao walichukuliwa, na hata shitaka lao hawajaambiwa. Tunapowalilia hao tunasema: wapelekwe kortini, wasomewe mashitaka, wasikilizwe. Ni neno la haki. Lakini mwenye kulitaka hilo kwa mwanawe na kumnyima mtoto wa Kampala, huyo hapendi uadilifu. Apenda mwanawe tu. Nasi twakiri kuwa tumo katika lawama hiyo, kwani mara nyingi tulinyamaza ulipodhulumiwa mlango usiokuwa wetu. Na Mwenyezi Mungu ametuamrisha katika Sura ya Al-Maida kuwa kuwachukia watu kusitufanye tukaacha kuwafanyia uadilifu. Hakuwabagua tuwapendao na tusiowapenda.

Amma ndugu yetu aliyeuliza, jawabu yetu kwake ni hii. Kushika bunduki hakumfanyi mtu kuwa askari, kama kushika kisu kusivyomfanya mtu kuwa tabibu. Askari ni aliyekula kiapo, akaingia chini ya sheria yake kwa khiari. Mwenye bunduki ya haramu ni raia aliyekosa, na akithibitika na aadhibiwe kwa adhabu kali ya sheria. Lakini mwenye kumthibitishia kosa lake na awe ni mtu ambaye halali usiku kwa khofu ya mkubwa wake, ila kwa khofu ya Mola wake.

Mwenyezi Mungu awape viongozi wetu na wa jirani zetu moyo wa kuikubali haki hata inapowauma, na atupe sisi ulimi wa kuisema kabla haijatufikia mlangoni. Amin.