Kopo Tupu na Amana ya Mali

Watu wengi katika miji yetu ya pwani wadhani kwamba mwenye kununua kitu amekimiliki kwa kila namna: akitaka hukitumia, akitaka hukitupa, wala hapana wa kumwuliza. Dhana hii yafaa kupimwa, kwa kuwa tabia nyingi za majumbani mwetu zimejengeka juu yake. Nasi twataka kuipima kwa jambo dogo kabisa, nalo ni kopo lililobaki jikoni baada ya samli kwisha.

Na tutazame kwanza wafanyavyo wenzetu wa bara. Nkubu ni mji wa Meru, mashariki ya Mlima Kenya, katika njia itokayo Embu. Watu wa huko ni wakulima wa kahawa, chai na ndizi, na mashamba yao huzidi kuwa madogo kila yanaporithiwa na kugawanywa. Wameru husimulia kwamba wazee wao walitoka Mbwaa, mahali penye bahari, na baadhi ya wanahistoria hupadhania kuwa ni Manda, karibu na Lamu. Basi si vibaya tukijifunza kwao kama mtu ajifunzavyo kwa jamaa zake.

Katika nyanda hizo za juu, mwenye kiwanja kidogo nyuma ya nyumba aweza kulima ndani ya gunia. Huchukua kopo lililotolewa kifuniko na kitako, akalisimamisha katikati ya gunia na kulijaza kokoto, kisha akatia udongo wenye samadi pande zote. Hulivuta kopo juu kidogo kidogo, akiongeza kokoto na udongo, hata gunia likajaa. Kopo likiisha kutolewa, kokoto hubaki kama nguzo, na maji yamwagwayo juu yake huifikia mizizi yote. Miche ya sukuma wiki hupandwa juu, na katika matundu yaliyotobolewa ubavuni. Maji yenyewe yaweza kuwa yale yaliyooshewa mchele. Pakiti za maziwa nazo hugeuzwa viriba vya miche, na majivu ya jikoni hunyunyizwa kuwazuia konokono.

Huenda mtu akasema: "Hayo ni mambo ya wenye dhiki, mimi nina uwezo wa kununua chungu cha maua dukani." Jibu letu ni kwamba uwezo wa kununua ni hoja ya kununua, wala si hoja ya kuharibu. Ndani ya kopo lile mna madini yaliyochimbwa ardhini, moto uliowashwa kiwandani, na jasho la watu ambao hatutawajua kamwe. Bei tuliyolipa imetupa haki ya kunufaika; haikutupa haki ya kuzipuuza kazi zao zote. Mali kwetu ni amana, na kila mwenye amana ataulizwa. Isitoshe, twajua sote kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akishona viatu vyake na kutia viraka nguo zake kwa mkono wake, wala heshima yake haikupungua.

Fauka ya hayo, kitu tukitupacho hakitoweki. Huondoka mlangoni kwetu kikaenda kuziba mtaro wa jirani, au kikaingia baharini tunakovua. Tarehe 28 Agosti 2017 Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Hapo sheria ilibidi kuingia mahali ambapo adabu ingalitosha.

Lakini yuko mtu wa pili, naye humdhania wa kwanza kuwa ndiye mkosa peke yake. Huyu hatupi kitu. Ua wake umejaa makopo, ndoo zilizopasuka na magurudumu, na kila akiulizwa husema, "Vitafaa siku moja." Mvua ikinyesha, vyote hujaa maji. Mwaka 2004 homa ya chikungunya iliingia Lamu, na ilikisiwa kwamba robo tatu ya watu wa mji waliambukizwa. Mwaka ule ule ikafika Mombasa. Mbu aienezaye, ambaye hueneza pia homa ya dengi, hutaga mayai katika vyombo vya majumbani vyenye maji yaliyotuama. Basi kopo lisilotobolewa kitakoni, likiachwa uani, laweza kumlaza jirani kitandani. Na chupa iliyotiwa dawa ya kuulia wadudu haifai tena kwa mboga wala kwa maji, hata ikioshwa mara saba. Kila mwanafunzi wa fiqhi ajua kwamba dhara huondolewa. Hairuhusiwi kwa jina la kuweka akiba.

Ukiwatazama vyema watu hawa wawili, utaona kosa lao ni moja. Anayetupa na anayelimbikiza wote wamelikata nafuu kopo lile: mmoja kwa kiburi, mwenziwe kwa uchoyo uliovaa kanzu ya busara. Kutunza ni kukipa kitu kazi, na kazi hiyo iwe ya leo.

Kwa hivyo, ndugu zetu, kabla ya kutupa au kuweka, na tujiulize mambo matatu. Je, manufaa yamebaki ndani ya kitu hiki? Je, yuko atakayedhurika nacho? Je, tunayo kazi ya kukipa wiki hii? Ikiwa hatuna kazi nacho, na jirani anayo, basi na apewe yeye. Ikiwa ni chetu, na tulitoboe kopo kitakoni, tulitie udongo, tupande mrehani au mchicha, na kumwonyesha mtoto namna ya kuumwagilia. Atakayekula mchicha huo, awe mtu au ndege, ni sadaka kwa aliyeupanda.

Wabillahi taufiki.