Je, Mwendo wa Nuru Umebadilika?

Ndugu msomaji, huenda jamaa yako aliyebaki katika dini yako ya zamani amekwambia kwamba ulimwengu haujapita miaka 6,000. Ukamtajia Andromeda, kundi la nyota lionekanalo kwa macho matupu usiku wa giza, ambalo nuru yake husafiri miaka kama milioni 2.5 kabla ya kutufikia. Naye akajibu: “Zamani nuru ilikwenda mbio zaidi, kisha ikapungua.”

Jawabu hilo si lake. Lilienezwa na Barry Setterfield wa Australia katika miaka ya 1980, kwa kutegemea vipimo vya kale. Ni kweli kwamba mwaka 1849 Fizeau wa Ufaransa alipata kama kilometa 313,000 kwa sekunde, hali leo twajua ni 299,792. Lakini hesabu ya kwanza kabisa, iliyotokana na kazi ya Rømer ya mwaka 1676, ilitoa kama 220,000. Kwa hoja hiyo hiyo, basi, nuru imeongeza mwendo! Kilichobadilika ni vyombo vya kupimia.

Ushahidi mzito zaidi umo katika ardhi ya Afrika. Mwaka 1972 wataalamu wa Ufaransa waligundua kwamba madini ya urani ya Oklo, nchini Gabon, yaliwahi kuwaka yenyewe kama tanuri la atomiki, yapata miaka bilioni 2 iliyopita. Mwendo wa nuru umefungamana na nguvu za umeme zilizomo ndani ya atomi. Lau uwiano huo ungalibadilika hata kwa sehemu moja katika milioni, mabaki ya tanuri lile yangalionyesha. Hayakuonyesha. Wapo waliodai tangu 1999 kuona tofauti ndogo mno katika nuru ya mbali sana. Jambo hilo lingali likibishaniwa, na hata likithibiti halimfai kitu mwenye miaka 6,000.

Sisi hatuna haja ya kuiharakisha nuru ili kukiokoa Kitabu. Siku sita za Kurani Tukufu hazipimwi kwa jua letu, kwani jua lenyewe limeumbwa. Sura Al-Hajj yataja siku iliyo kama miaka elfu, na Al-Maarij siku ya miaka elfu hamsini. Tena Sura Al-Mulk yamwita mtu autazame uumbaji mara ya pili, atafute kasoro. Aya hizo ndizo alizozisoma Profesa Abdus Salam, Muahmadiyya, huko Stockholm mwaka 1979 alipopewa Tuzo ya Nobel.

Jamaa yako akirudi na swali lake, usimcheke. Mtoe nje usiku mmoja wa Novemba usio na mwezi, mtazame pamoja upande wa kaskazini.