Kagua Ukuta Kabla ya Kununua Mashine

Somo: Nehemia 2:11–18, Mithali 24:27

Jumapili iliyopita nilianza kwa kuuliza ni wangapi wana boma kijijini ambalo limefungwa, nyasi zimefika dirishani. Mikono ilikuwa mingi kuliko nilivyotarajia. Wengine mliinua nusu, nikajua ni wale ambao hawajafika nyumbani tangu mazishi. Sitawataja.

Wangu uliinuka pia. Boma letu kule Vihiga lilikaa miaka sita bila mtu baada ya mama kutuacha. Halafu ndugu yangu mdogo akapoteza kazi ya kiwandani huku jijini, akanipigia simu: "Brathe, nataka kurudi nyumbani. Lile zizi la ng'ombe la baba nilifanye karakana ya useremala." Sasa, mimi ni mchungaji, lakini kabla ya hapo nilisomea biashara, na digrii ikishaingia ndani ya mtu haitulii. Usiku huo huo nikamwandikia mpango wa kurasa kumi na moja. Mashine kwanza, nikamwambia. Mteja wa siku hizi hasubiri randa ya mkono. Chukua mkopo, itajilipa yenyewe. Na mwishoni nikaongeza, "Bwana atafungua njia."

Alitii. Mimi ni kaka yake na pia ni mtumishi wa Mungu, na hakuweza kujua ni nani kati ya hao wawili alikuwa anaongea. Wapendwa, niliweka jina la Bwana juu ya hesabu ambayo sikuwa nimeifanya. Amenipa ruhusa niyaseme haya.

Mashine ilikuwa ya mitumba, bei nzuri. Ilipofika na pikapu, fundi wa stima akainama kusoma kile kibao kidogo cha mota. Akacheka, kisha akanyamaza. Ilikuwa mota ya fezi tatu, volti 415. Laini ya nyumba ya kawaida ni fezi moja, volti 240. Na hiyo fezi moja yenyewe ilikuwa imekatwa zamani! Ikabidi ilale ndani ya zizi, paa linavuja, mvua ya Aprili ikaikuta hapo. Lakini mkopo haukunyeshewa. Tarehe tano ya kila mwezi uliamka mapema kuliko kuku.

Sasa mtazame Nehemia. Alikuwa na barua za mfalme za kumpa mbao. Mtaji alikuwa nao, maono alikuwa nayo, na ruhusa pia. Alipofika Yerusalemu, alifanya nini? Alikaa siku tatu. Kisha akaamka usiku na watu wachache, na mnyama mmoja tu, yule aliyempanda, akaanza kuzunguka akikagua kuta zilizobomoka na malango yaliyoteketea. Kuna mahali alifika mnyama akakosa nafasi ya kupita. Hebu fikiria hapo. Giza, mawe yamejaa, na mtu mkubwa wa ikulu anatafuta njia katikati ya vifusi. Hakuwa ameambia wakubwa wa mji neno lolote. Aliposimama mbele yao kusema tujenge, alikuwa anajua ni wapi mnyama hapiti.

Mimi niliandika kurasa kumi na moja bila kujua kwamba paa linavuja.

Na yule mwenye hekima wa Mithali 24:27 anasema jambo ambalo darasani tulilipia pesa nyingi kulisikia kwa maneno marefu: tengeneza kwanza kazi yako ya nje, liweke shamba tayari, nyumba ijengwe baadaye. Mpango una mfuatano. Imani haiufuti.

Agosti nikaomba ruhusa ya wiki moja, nikaenda. Tulifyeka siku mbili. Siku ya tatu tuliondoa samadi iliyokauka na mabati yaliyooza, na hapo nikaielewa Nehemia 4:10, pale wachukuzi wanapoishiwa nguvu kwa sababu kifusi ni kingi. Tulibadilisha mabati manne tu, yale ya upande wa mvua. Nguzo mbili zilikuwa zimeliwa na mchwa mpaka ukizigonga zinalia kama debe. Tukaweka mpya, tukazipaka oili chafu ya gari chini, na miguu ya benchi tukaisimamisha juu ya mawe, isiguse udongo. Tukatoboa dirisha upande wa mashariki ili benchi lipate mwanga, maana stima hakuna. Urefu wa benchi ndugu yangu aliupima kwa mwili wake: alisimama wima, mkono ukaning'inia, akaweka alama usawa wa kifundo cha mkono. Mimi ningetafuta kipimo kwenye intaneti.

Siku ya tano, juu ya dari ya jikoni, tulipata gunia. Randa ya baba, msumeno, patasi tatu, zote zimevaa kutu. 1 Samweli 13 inatuambia kuhusu siku ambazo Israeli nzima haikuwa na mhunzi, wakateremka kwa Wafilisti kunoa majembe yao, na wakalipishwa. Sisi tulikuwa tumekwenda mpaka kwa mkopeshaji wa jijini, na gunia liko darini! Tulikaa chini ya mwembe na tupa na jiwe la kunolea mpaka jioni. Ndugu yangu hakusema mengi. Alijaribu patasi ya kwanza kwenye kucha ya kidole gumba, akaiweka kando, akachukua ya pili.

Kazi ya kwanza ilikuwa mlango wa choo cha mzee jirani. Ndiyo, choo. Ikafuata stuli, kisha kitanda. Mbao anazipanga kwa vijiti katikati ili hewa ipite, na hafanyi kitanda na mbao mbichi hata mteja akimsukuma.

Mashine tuliiuza kwa mtu mwenye fezi tatu mjini. Tulipata hasara ya shilingi 38,000. Tumeigawana nusu kwa nusu, kwa sababu ushauri ulikuwa wangu, na bado ninalipa.

Baada ya ibada ndugu mmoja alinishika mkono mlangoni akaniuliza, "Pastor, na ule mpango wa kuku ulionichorea Machi?" Ofisi itakuwa wazi Alhamisi kuanzia saa kumi na moja jioni. Yeyote aliyechukua mkopo mwaka huu kwa ushauri wangu, aje na makaratasi yake yote, na aje na mke au mume wake. Tutaomba, halafu tutahesabu pamoja.