Usikariri Umbo la Kiini

Mjukuu wangu, umerudi Utete na matokeo mazuri ya kidato cha sita, kisha unaniuliza elimu ya viini vya atomu itamfaa nini mtu wa Rufiji. Fungua ramani. Urani ya Mkuju, wilayani Namtumbo, imelala upande ambao mito yake huingia Luwegu, na Luwegu ikikutana na Kilombero ndiyo Rufiji hii unayooga. (Na mamba wamo, usijisahau.)

Sasa tuitazame urani hiyo ndani ya atomu yake. Kitabu cha shule kilikuchorea kiini kuwa tufe. Ufute mchoro huo. Kiini cha urani kikiwa kimetulia ni kirefu kama yai, urefu ukizidi upana kwa zaidi ya robo, kwa jinsi protoni na nyutroni zinavyogawana nafasi humo ndani. Kipashe moto, digrii bilioni 10 na kuendelea, mpangilio unavurugika, umbo linaelekea kuwa tufe. Lakini kiini chenye moto kikizungushwa hutanuka kiunoni. Kasi ikizidi, hurefuka ghafla. Mgeuko huo Jacobi, mwanahisabati wa Ujerumani, aliukokotoa mwaka 1834 akiwazia maumbo makubwa ya kimiminika angani, kabla ya mtu yeyote kujua kiini ni nini. Viini vizito hupasuka kabla ya kufika huko. Dalili za mgeuko huo zimepatikana kwenye kiini chepesi, titani-46.

Basi mtu akikuambia joto hukifanya kiini kuwa tufe, muulize: kinazunguka kwa kasi gani? Halafu muulize amejuaje, maana hakuna darubini inayoonyesha umbo la kiini. Hapa ndipo penye utamu. Protoni zikiyumba kwa pamoja dhidi ya nyutroni, kiini hutoa miali ya gama. Kikiwa kirefu, kuyumba kwa urefu ni kwa polepole kuliko kwa upana, kwa hiyo grafu ya miali hiyo inatoa vilele viwili. Kikiwa tufe, kilele kimoja. Ipo pia njia ya pili. Mwaka 1986, huko Daresbury, Uingereza, kundi la Peter Twin lilipata mistari 19 ya gama ya disprosi-152, iliyoachana kwa hatua karibu sawa. Kwa mistari hiyo wakatambua kiini chenye urefu mara mbili ya upana, kinachozunguka.

Chuoni utaona wenzako wanazikwepa hesabu za mzunguko na kukimbilia maswali ya mitihani iliyopita. Usiwafuate. Kesho asubuhi njoo na daftari, tuanze na tone la maji linalozunguka.